Motokaa Kuukuu na Petroli Yake

Kila mwenye motokaa ya zamani amepata kuulizwa swali hili akiwa kwenye pampu: "Nikutilie ipi, Mzee, ya kawaida au ile ya bei?" Nami kwa muda wa miaka minne nilijibu pasipo kufikiri, "Ile ya bei." Leo nataka kueleza jinsi nilivyofunzwa kulijibu swali hilo kwa akili, maana naona wenzangu wengi wanapoteza fedha kama nilivyopoteza mimi, na wengine wanaharibu injini zao kwa kudhani kwamba petroli ndiyo mchawi wa kila ugonjwa.

Motokaa yangu ni Peugeot 404. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule huku kwetu Limuru, aliinunua mwaka 1972 mkononi mwa mtu aliyekuwa akihama. Wazee wanaijua sana motokaa ya aina hii. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na ilishinda mashindano ya East African Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Baadaye zile zenye umbo la pikapu na zile ndefu zikawa matatu na teksi za safari za mbali, zikabeba watu, kuku na magunia ya viazi katika barabara ambazo leo hata tingatinga lingezionea shaka.

Baba alifariki mwaka 2011. Motokaa ikakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, hata mwaka 2015 nilipopata fedha za kuitengeneza. Pamoja na ufunguo, mama alinikabidhi daftari moja lenye jalada gumu. Humo baba alikuwa ameandika kila safari aliyotia petroli tangu siku ya kwanza: tarehe, maili, galoni (na baadaye lita), shilingi alizolipa, na neno moja au mawili juu ya hali ya injini. "Njema." "Plagi chafu." "Yapanda Kinungi bila taabu." Nilililaza daftari lile ndani ya kabati kama kitu cha ukumbusho. Sikulisoma, nami nalitaja kosa hilo mapema kwa sababu ndilo mzizi wa mambo yote yaliyofuata.

Katika siku za baba, pampu zetu zilikuwa na petroli ya daraja mbili, regular na super. Baba alinunua regular, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Nilipokuwa mtoto nilimwonea haya kidogo, maana wazazi wa wenzangu walisema "super" kwa sauti kubwa madirishani mwa motokaa zao. Basi motokaa ilipokuwa yangu niliapa kwamba haitakunywa tena kinywaji cha maskini. Siku hizi super ndiyo petroli ya kawaida ya watu wote, na baadhi ya makampuni huuza pia petroli nyingine ya daraja la juu zaidi, kwa bei ya juu zaidi. Mimi nilitia hiyo ya juu. Niliona kwamba ni heshima kwa marehemu.

Jirani yangu aliniuliza kama naona tofauti. Nikajibu kwamba naiona: injini ni tulivu, ina nguvu, inakwenda mbali kwa lita chache. Wasomaji wenzangu, nilisema hayo pasipo kupima hata mara moja. Mtu akishalipa zaidi, masikio yake humsaidia kuamini kwamba amepata zaidi.

Mwezi wa Desemba mwaka 2019 tulikwenda Mombasa kwa arusi ya binti wa dada yangu. Ndani ya motokaa tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama aliyekaa nyuma. Kuteremka hakukuwa na neno. Baada ya arusi tukapakia maembe, nazi na mikeka. Siku ya kurudi nilitia petroli katika kituo kimoja pale mjini, nisichokijua. Hawakuwa na ile yangu ya bei, nikatia ya kawaida hadi tangi likajaa. Jua lilikuwa kali sana. Tulipoanza kukipanda kilima cha Mazeras, injini ikaanza kulia. Ulikuwa mlio mkavu wa haraka haraka, kama mtu atikisaye misumari ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta unazidi, nikiachilia unapungua.

Nikakasirika. Nikawaambia watu wangu kwamba tumeuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na kwamba nikifika nyumbani nitaandika barua kwa gazeti, nikitaje kituo kile kwa jina ili watu wajihadhari. Mama alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, simamisha. Baba yako akifika pwani, alikuwa akifungua boneti kwanza kabla hata ya kunywa maji. Sijui alikuwa akifanya nini, lakini motokaa hii haikulia hivi hata siku moja."

Tukasimama Mazeras. Watu wakatuelekeza kwa fundi mmoja mzee, mwenye karakana chini ya mwembe. Akamsalimu mama kwa adabu, akaizunguka motokaa mara moja huku akicheka kwa furaha, kwa maana alikuwa amezitengeneza 404 za matatu tangu ujana wake. Nikamweleza habari ya petroli mbaya. Akafungua mfuniko wa tangi, akanusa, akatikisa kichwa. Akachukua petroli kidogo, akaidondoshea kwenye karatasi nyeupe, akangoja ikauke. Haikuacha alama ya mafuta.

"Mdogo wangu," akasema, "petroli hii haina kosa. Motokaa yatoka wapi?"

"Limuru."

"Na taimingi iliwekwa wapi?"

"Limuru huko huko. Fundi wangu aliisogeza mbele ili ipande milima vizuri."

Akacheka tena. Akachukua spana, akalegeza kile chombo kigawacho moto wa plagi, yaani distributa, akakizungusha kidogo sana, si zaidi ya upana wa ukucha, akakaza. Kisha akaketi kando yangu, akaniamuru nirudi chini na kukipanda kilima tena. Tukapanda na mzigo wetu wote, na watu wetu wote, na petroli ile ile niliyoitukana. Injini haikulia tena, ila ule mgongano kidogo sana tulipokaribia juu, ambao fundi alisema unatokana na masizi yaliyogandamana juu ya pistoni. Barua yangu kwa gazeti ikafa pale pale, nami nikamshukuru Mungu kwamba sikuwa nimeipeleka.

Mambo aliyonieleza mzee yule, pamoja na yale niliyojifunza baadaye vitabuni, ni haya.

Ndani ya silinda, pistoni huukandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha plagi hutoa cheche. Inavyotakiwa, moto uanzie penye plagi na uenee kwa utaratibu, kama mkulima achomaye majani ya shamba kutoka upande mmoja, naye akiuongoza moto. Lakini mchanganyiko ukikandamizwa mno, au ukipata joto mno, ile sehemu ambayo moto haujaifikia huwaka yenyewe kwa ghafula, yote kwa mara moja. Ndipo tunaposikia injini ikigonga. Kugonga huko kukiendelea, hutoboa pistoni, huvunja ringi zake na kuunguza gasketi.

Hesabu ya okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli, yaani jinsi inavyoweza kukandamizwa pasipo kujiwakia. Wapimaji huilinganisha na mchanganyiko wa vitu viwili: isookteni, ambayo imepewa 100, na hepteni, ambayo imepewa 0. Petroli ya okteni 95 huvumilia sawasawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isookteni na 5 za hepteni. Hiyo ndiyo maana yake, wala haina nyingine. Okteni si nguvu, wala si usafi, wala si lishe ya injini. Injini isiyogonga kwa petroli ya kawaida haipati faida yoyote katika okteni ya juu. Ni kama mtu mwenye mzigo wa ratili 10 kununua kamba ya kubebea ratili 100: kamba haikatiki, lakini hata ile nyembamba isingalikatika.

Injini ya 404 yangu ni ya zamani. Mkandamizo wake haufiki 9 kwa 1, na ilibuniwa kwa petroli ya siku zile. Tena, motokaa nyingi za kisasa zina kifaa kinachosikia injini ikianza kugonga na kuurekebisha moto wa plagi chenyewe. Baadhi yake hutumia vizuri okteni ya juu. Motokaa ya zamani haina kifaa hicho. Kifaa chake ni masikio ya mwenyewe na mkono wa fundi.

Sasa, habari ya Limuru na Mombasa. Limuru iko zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha kama moja ya tano, kwa hiyo silinda hujaa hewa kidogo, mkandamizo wa kweli hupungua, na injini huridhika na okteni ndogo zaidi. Motokaa hiyo hiyo ikishuka hadi usawa wa bahari, hewa huwa nzito, joto ni kali, na uvumilivu unaotakiwa huongezeka. Kwa hiyo mtu wa bara akishuka pwani na taimingi iliyosogezwa mbele, hana haki ya kushangaa injini ikimlalamikia kilimani.

Tuliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kabatini, nikalitoa daftari la baba. Nikatafuta safari zake za pwani. Zilikuwa saba katika miaka yote ile. Katika kila moja, siku ya kuteremka, ameandika maneno yale yale: "Pwani. Super. Moto nyuma nyuzi 3." Niliwahi kuyaona maneno hayo nilipokuwa nikifunua kurasa siku ya kwanza, nikadhani anasema habari ya joto la kiti cha nyuma. Kumbe alikuwa akisema moto wa plagi urudishwe nyuma nyuzi tatu. Na siku ya kurudi nyumbani: "Limuru. Regular. Moto mahali pake." Mtu niliyemwonea haya kwa kununua petroli rahisi alikuwa akinunua ya ghali siku zile tu ilipohitajika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilibakisha kidogo nivunje pistoni.

Nikaendelea kusoma. Baba alipata wastani wa maili 26 kwa galoni, yaani kilometa 9 na kidogo kwa lita. Mimi nilianza kupima, miezi mitatu kwa petroli ya bei na miezi mitatu kwa ya kawaida. Nilipata kilometa 9 na kidogo kwa lita, kwa zote mbili. Nilipoihesabu fedha niliyokuwa nimeizidisha kwa miaka minne, niliona kwamba ingalitosha kuifungua injini, kuyakwangua masizi, na kununua matairi mawili. Kazi ya masizi niliifanya mwaka 2020, na ule mgongano mdogo uliobaki ukaisha kabisa.

Kuna jambo la pili linalowasumbua wenzangu, nalo ni jina la kampuni. Wako waapao kwa Shell, wako waapao kwa Total, na wazee bado wanazililia Esso, Caltex na Agip zilizokuwapo zamani. Yafaa tujue petroli yetu inavyokuja. Hushushwa melini Mombasa, kisha husukumwa kwa bomba hadi Nairobi, bomba lililoanza kazi mwaka 1978. Shehena za makampuni mbalimbali hupita humo humo na kuchanganyika, wala hakuna awezaye kusema kwamba tone hili ni la fulani. Tofauti ya kweli hutokea mwishoni, kampuni inapotia dawa zake za kusafisha kabureta na vali. Dawa hizo zina faida, hasa kwa injini iliyochoka. Lakini mtu asidhani kwamba rangi ya pampu ndiyo iliyobadili petroli yenyewe.

Jambo lenye uzito zaidi ni uaminifu wa kituo. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Yakitiwa ndani ya petroli huifanya injini igonge na kujaa masizi. Ulaghai huo ulienea kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi, hata mwaka 2018 serikali ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ili kuizuia biashara hiyo. Bei ya juu kabisa ya petroli ya kawaida hutangazwa kila mwezi. Basi mtu akikuuzia chini mno kando ya barabara, kwa mtungi na mpira, jiulize amepataje kufanya hivyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi huchagua kituo chenye wateja wengi, kwa kuwa petroli yake haikai ikachakaa wala kuingia maji, na nikiona lori la mafuta linashusha, naenda zangu na kurudi baadaye, maana takataka za chini ya tangi huwa zimetibuliwa.

Jambo la tatu ni risasi. Mwaka 1921 huko Dayton, Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba risasi kidogo ndani ya petroli huzuia kugonga, na kuanzia mwaka 1923 petroli hiyo ikauzwa. Ilikuwa njia rahisi ya kuongeza okteni, lakini moshi wake ulikuwa sumu, na zaidi ya yote uliumiza akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondolewa. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa motokaa, hata Julai 2021. Habari ya kwisha kwake ilitangazwa mwezi uliofuata na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi.

Wenye motokaa kuukuu waliogopa sana wakati ule, kwa sababu risasi ilikuwa pia ikivilinda vikalio vya vali. Hofu hiyo ilikuwa na sababu kwa baadhi yao. Jirani yangu ana Morris Minor, ambayo kichwa chake ni cha chuma cha kusubu, na vikalio vimechongwa katika chuma hicho hicho. Akiiendesha kwa mbio na kwa muda mrefu, vitalika. Alifanya jambo la busara: alipokifungua kichwa alimwambia fundi atie pete za chuma kigumu, na tangu hapo hana wasiwasi. Peugeot 404 kichwa chake ni cha alumini, na pete hizo zilitiwa tangu kiwandani. Baba aliandika mnamo Januari 2006: "Bila risasi. Tuone." Na Aprili: "Hakuna neno."

Basi ushauri wangu kwa mwenye motokaa ya zamani ni mfupi. Soma kitabu cha motokaa yako ujue mkandamizo wake na petroli iliyoagizwa. Kama injini haigongi, tia ya kawaida, na fedha iliyobaki nunua plagi na chujio. Kama inagonga, usikimbilie petroli ya bei kwanza. Tazama taimingi, tazama masizi, tazama joto la maji. Yote yakiwa sawa na bado inagonga, hapo panda daraja moja, na hiyo itakuwa fedha iliyotumika kwa haki. Na ukitoka bara kwenda pwani, fungua boneti kabla ya kunywa maji.

Mama bado yu hai, naye hupenda kupelekwa sokoni kwa motokaa ile siku ya Jumamosi. Nimenunua daftari jipya, maana la baba limejaa. Mwanangu wa kwanza amenicheka, akisema kwamba siku hizi simu yaweza kuyahifadhi hayo yote. Nimemruhusu acheke. Lakini kila tunapotia petroli humpa kalamu yeye, aandike kwa mkono wake.